Bingwa wa Baiskeli Aliyekuwa na Kichocho

Ukisimama asubuhi pale Bigwa, nje kidogo ya mji wa Morogoro, utawaona wanaume wakiteremka na baiskeli kutoka upande wa Milima ya Uluguru. Nyuma kwenye keria wamefunga mikungu ya ndizi, mmoja kulia, mmoja kushoto, na mwingine juu yake. Breki ikikataa, kandambili inakanyaga tairi. Jioni wanarudi walikotoka, na sasa kazi ni kupanda. Wengine wanakanyaga, wengine wanashuka na kusukuma.

Tazama vizuri. Utamwona mmoja anapanda bila taabu, na mwenzake wa umri uleule, mwenye miguu mizuri tu, anasimama kila kona kuhema. Watu wanamcheka: "Mvivu huyo!" Hata shuleni mambo ni hayo hayo. Mwanafunzi anasinzia darasani, kwenye mchakamchaka yuko nyuma, na mwalimu wa zamu anamwita mzembe.

Je, ni uvivu kweli? Leo tutajifunza jambo hili kwa kufuata maisha ya kijana aliyezaliwa Nairobi, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waendesha baiskeli bora duniani. Anaitwa Chris Froome. Ndani ya mwili wake walikuwamo wadudu ambao pengine wamo hata katika mwili wa jirani yako wa dawati.

MTOTO WA NAIROBI, MWALIMU WA KIKUYU

Froome alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985. Wazazi wake walikuwa na asili ya Uingereza. Alipokuwa mvulana wa miaka 11 au 12 hivi, mama yake alimkutanisha na Mkenya mwendesha baiskeli aitwaye David Kinjah. Kinjah hakuwa mtu mdogo katika mchezo huo. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na mwaka 2002 alisajiliwa na timu ya kulipwa ya Italia, jambo ambalo Waafrika weusi hawakuwa wamelizoea kabisa.

Nyumbani kwa Kinjah ni kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu, nje ya Nairobi. Hapo alianzisha kikundi cha vijana kiitwacho Safari Simbaz. Vijana walijifunza kutengeneza baiskeli, kuziba pancha, kupika pamoja na kupanda vilima. Froome alikuwa mtoto wa Kizungu peke yake kati ya vijana wa kijijini, na mwanzoni wenzake walimwacha nyuma kila siku. Lakini kesho yake alirudi tena.

Alipofika miaka 14 alihamia Afrika Kusini kusoma. Baiskeli haikuachwa. Mwaka 2006 aliichezea Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne, Australia. Mwaka huohuo alitaka sana kwenda mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, Austria, lakini hakuna aliyempeleka. Basi akajiandikisha mwenyewe, kwa kutuma barua pepe kama vile imetoka kwa kiongozi wa chama cha baiskeli! (Vijana, hilo msiliige. Yeye mwenyewe alilisimulia baadaye.) Siku ya mashindano, mara tu baada ya kuanza, akamgonga msimamizi wa mbio na wote wawili wakaanguka. Akainuka, akamaliza.

SIKU NZURI, SIKU MBAYA

Mwaka 2007 Froome aliingia kwenye mchezo wa kulipwa. Mwaka 2008 alijiunga na timu ya Barloworld, ambayo shughuli zake nyingi zilikuwa Italia, na mwaka huohuo akaanza kutumia leseni ya Uingereza badala ya ile ya Kenya. Pia alishiriki Tour de France kwa mara ya kwanza. Haya ni mashindano ya wiki tatu kuizunguka Ufaransa, hatua 21, zaidi ya kilometa 3,000. Muda mfupi kabla ya mashindano hayo alifiwa na mama yake. Hata hivyo alifika mwisho.

Mwaka 2010 alichukuliwa na timu kubwa ya Uingereza, Team Sky. Hapo ndipo kitendawili kilipoanza. Mazoezini, siku nyingine mashine za kupimia nguvu zilionyesha kwamba kijana huyu ana uwezo mkubwa. Lakini kwenye mashindano ya siku nyingi, leo yuko mbele, kesho hoi. Akichoka, mwili haurudi haraka. Mafua na vikohozi vinamwandama. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwishoni mwa 2011, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama ataongezewa.

Wewe ungesemaje? Wengi tungesema: "Huyu hana moyo wa ushindani."

Mwishoni mwa 2010, alipokuwa nyumbani Kenya, vipimo vilitoa jibu jingine. Froome alikuwa na kichocho.

KICHOCHO NI NINI?

Turudi darasani kidogo, kwenye somo la baiolojia. Kichocho ni ugonjwa unaoletwa na minyoo wadogo wanaokaa ndani ya mishipa ya damu. Minyoo hao wanaitwa Schistosoma. Mtu aliyewagundua ni daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mwaka 1851 mjini Cairo, Misri. Ndiyo maana watu wengine huuita ugonjwa huu bilharzia.

Hapa Tanzania tunazo aina mbili:

1. Kichocho cha kibofu cha mkojo. Dalili yake inayojulikana ni kukojoa damu, hasa matone ya mwisho, na maumivu wakati wa kukojoa.

2. Kichocho cha tumbo. Hiki hugusa utumbo na ini. Mgonjwa anaumwa tumbo, anaharisha, mara nyingine choo kina damu. Kikikaa miaka mingi, ini na bandama huvimba na tumbo kujaa maji.

Sasa, minyoo hao wanaingiaje mwilini? Fuata safari yao hatua kwa hatua:

Kwanza, mgonjwa anakojoa au kujisaidia majini au karibu na maji. Mayai ya minyoo yanaingia kwenye maji.

Pili, mayai yanapasuka. Wadudu wanaotoka humo wanamtafuta konokono wa majini. Si kila konokono, bali ni wa aina fulani tu.

Tatu, ndani ya konokono wanazaliana kwa wiki kadhaa. Kutokana na mdudu mmoja wanapatikana maelfu.

Nne, maelfu hao wanatoka kwenye konokono na kuogelea. Kila mmoja ana mkia, na kwa macho huwezi kumwona. Wanatoka zaidi wakati jua limewaka, hasa kuelekea mchana. Yaani saa zilezile ambazo vijana wanapenda kuogelea!

Tano, ukiingia majini wanapenya ngozi yako kwa dakika chache tu. Hakuna haja ya kuwa na kidonda, wala ya kunywa maji hayo. Wanaacha mkia nje, wanaingia kwenye damu, wanapita mapafuni na kwenye ini, na baada ya wiki kadhaa wanakuwa watu wazima. Dume na jike wanakaa pamoja na kutaga mayai kila siku. Kwa kawaida wanaishi miaka 3 hadi 5, na wengine zaidi.

Mayai mengine yanatoka kwa mkojo au choo, na safari inaanza upya. Mayai mengine yanashindwa kutoka. Yanakwama kwenye kibofu, utumbo, ini na viungo vya uzazi. Hayo yaliyokwama ndiyo yanayoleta madhara makubwa, kwa sababu mwili unapigana nayo na kuacha makovu.

KWA NINI KINACHOSHA?

Fikiria yule mwenye baiskeli anayepanda kutoka Bigwa. Misuli ya miguu inataka oksijeni. Oksijeni inabebwa na chembe nyekundu za damu kutoka mapafuni. Chembe hizo ni kama yeye na baiskeli yake: zikiwa chache, mzigo haufiki sokoni.

Minyoo ya kichocho inakula chembe nyekundu za damu. Damu nyingine inapotea kwa mkojo au kwa choo. Mwili nao unatumia nguvu nyingi kupambana na mayai yaliyokwama. Matokeo yake mtu anapungukiwa damu, anachoka haraka, na mtoto anaweza kudumaa na kushindwa kushika masomo. Mara nyingi haumwi kiasi cha kulala kitandani. Yupo yupo tu. Na kwa kuwa hakuna siku aliyoanguka ghafla, yeye mwenyewe anaamini kwamba ndivyo alivyoumbwa.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa ugonjwa huu. Malaria inakulaza chini na watu wanakukimbiza hospitali. Kichocho kinaweza kukupunguzia nguvu kidogo kidogo kwa miaka, na watu wakakuita mvivu.

Usidhani ni ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 251 walihitaji dawa ya kuzuia kichocho, na zaidi ya asilimia 90 ya wanaohitaji matibabu wanaishi Afrika.

MAJI YA ULUGURU

Sisi wa Morogoro tuna bahati ya maji. Uluguru ndiyo inayolisha Mto Ruvu, ambao maji yake yanakwenda mpaka Dar es Salaam. Mto Ngerengere nao unapata maji yake huko huko.

Juu mlimani maji ni ya baridi na yanakimbia kwa kasi juu ya mawe. Konokono wa kichocho hawapendi mahali kama hapo. Lakini maji yakifika chini yanapungua mwendo. Yanaingia kwenye mabwawa kama lile la Mindu, kwenye mifereji ya bustani, kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi yenye majani. Maji yanapata joto, konokono wanapata chakula na mahali pa kushika. Kama hapohapo watu wanajisaidia, mzunguko umekamilika.

Kwa hiyo usiseme, "Maji haya ni meupe, yanatoka mlimani, ni salama." Weupe wa maji hauonyeshi kitu. Na anayeingia majini si mwogeleaji tu. Yupo anayefua, anayechota, anayelima mpunga, anayevua samaki, na anayeosha pikipiki au baiskeli yake.

AIBU NDIYO INAYOCHELEWESHA

Hapa tuseme ukweli bila kuzunguka.

Kaka, umeona damu kwenye mkojo. Unafanya nini? Sehemu nyingine wavulana wanaambiana kwamba hiyo ni dalili ya kukua. Si kweli. Kubalehe hakuleti damu kwenye mkojo. Mwingine anaogopa: "Watasema nimepata kisonono." Ananyamaza, au anakwenda kununua vidonge vya rangi mbili dukani. Vidonge hivyo haviui minyoo ya kichocho hata kimoja.

Dada, kwako jambo hili ni zito zaidi. Mayai ya kichocho cha kibofu yanaweza kukwama kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Yakikwama yanaleta vidonda, uchafu, kutokwa damu isiyo ya hedhi na maumivu. Baadaye yanaweza kuleta ugumba. Vidonda hivyo pia vinaweza kuongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Wasichana wengi wenye dalili hizi wanashukiwa ugonjwa wa zinaa, wanasemwa vibaya nyumbani, na wanapewa dawa zisizo zake. Wapo ambao hawajawahi kukutana na mwanamume. Kosa lao ni kwamba walitumwa kuchota maji.

Kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana, wala kwa kula pamoja, wala kwa kulala chumba kimoja bwenini. Kinatoka majini. Ukikwenda kituo cha afya, mwambie mhudumu waziwazi: "Nina dalili hizi, na huwa naingia kwenye maji ya mto au bwawa." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha matibabu yako.

KUPIMA NA KUTIBU

Kupima ni rahisi. Kwa kichocho cha kibofu utapewa kikopo cha mkojo. Wakati mzuri ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu saa hizo mayai mengi zaidi hutoka. Kwa kichocho cha tumbo unatoa choo kidogo. Mtaalamu wa maabara anatafuta mayai kwa hadubini.

Dawa inaitwa prazikwanteli. Idadi ya vidonge inategemea uzito wako au urefu wako, kwa hiyo usigawane na rafiki. Kula kwanza. Baada ya kumeza unaweza kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au tumbo kuuma kwa saa kadhaa. Hiyo si sumu. Mara nyingi wanaosumbuka zaidi ni wale waliokuwa na minyoo wengi.

Dawa hii inaua minyoo wakubwa, lakini wale wachanga walioingia juzi inaweza kuwaacha. Wala haikukingi usipate tena. Ndiyo sababu wakati mwingine inabidi kurudia. Froome mwenyewe alirudia dawa zaidi ya mara moja na kuendelea kupimwa.

Huenda unakumbuka vidonge vya kichocho na minyoo vilivyogawiwa shule ya msingi. Ukishafika sekondari zamu hiyo inaweza kukupita, lakini maji unayooga ni yaleyale. Usingoje kugawiwa. Nenda kituo cha afya ukapime.

BAADA YA DAWA

Sasa turudi kwa mwendesha baiskeli wetu. Mwaka 2011, miezi michache baada ya kuanza matibabu, alikwenda Hispania kwenye mbio za wiki tatu ziitwazo Vuelta. Alikwenda kumsaidia kiongozi wa timu yake. Akamaliza wa pili, sekunde 13 tu nyuma ya mshindi, na mkataba mpya akapewa. Mwaka 2019 mshindi yule, Juan José Cobo, alinyang'anywa ushindi kwa kosa la dawa zilizokatazwa, na Froome akatangazwa mshindi baada ya miaka minane.

Mwaka 2012 alikuwa wa pili Tour de France, na akapata medali ya shaba katika Olimpiki ya London. Halafu akashinda Tour de France mwaka 2013, akashinda tena 2015, 2016 na 2017.

Ushindi unaokumbukwa sana ni wa Italia. Tarehe 25 Mei 2018, kwenye mbio za Giro d'Italia, alikuwa wa nne, zaidi ya dakika tatu nyuma ya kiongozi. Siku hiyo walipanda mlima uitwao Colle delle Finestre. Unaanzia mji wa Susa, kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, na unafika karibu mita 2,180. Msomaji wa Morogoro, chukua kipimo hiki: mji wetu nao uko kwenye mita 500 hivi, na kilele cha Lupanga kinachotutazama kina zaidi ya mita 2,100. Ni kama kukanyaga baiskeli kutoka mjini mpaka juu ya Lupanga! Na kilometa 8 za mwisho za Finestre hazina lami. Ni changarawe na vumbi, kama barabara zetu.

Hapo Froome akawaacha wote, huku zikiwa zimebaki kilometa 80. Alifika peke yake, dakika tatu mbele ya wa pili. Siku mbili baadaye alishinda Giro nzima kwa sekunde 46. Kwa wakati huo alikuwa anashikilia mataji yote matatu makubwa: la Ufaransa, la Hispania na la Italia.

Mwaka 2019 alipata ajali mbaya mazoezini, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Alirudi barabarani, lakini hakushinda tena mbio kubwa.

TUSIDANGANYANE KWA HESABU

Je, tuseme kichocho ndicho kilichomzuia, na dawa ndiyo iliyompa ubingwa? Mwanafunzi wa sayansi hasemi hivyo haraka. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha. Miaka hiyo hiyo Froome alipata makocha wazuri, timu yenye fedha, chakula cha kupimwa na mazoezi makali. Wapo waliotilia shaka mabadiliko yake ya ghafla. Tunachoweza kusema ni hiki: kichocho kinapunguza nguvu, hilo linajulikana kwa wagonjwa wengi, na kukitibu kunaondoa mzigo mmoja. Dawa haikumpa miguu ya kupandia milima. Iliondoa wadudu waliokuwa wanakula damu yake.

Shaka hiyo haikutoka hewani. Mchezo wa baiskeli umeumizwa sana na dawa za kuongeza nguvu. Mfano wa kusikitisha ni Mwitaliano Marco Pantani, mpanda milima hodari aliyeshinda Giro na Tour de France mwaka mmoja, 1998. Tarehe 5 Juni 1999, akiwa anaongoza Giro, alipimwa damu. Chembe nyekundu zilikuwa asilimia 52 ya damu yake, wakati kikomo kilikuwa asilimia 50. Akaondolewa. Mwaka 2013 ripoti ya Baraza la Seneti la Ufaransa ilionyesha kuwa mkojo wake wa 1998 ulikuwa na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu. Damu ikizidi uzito inaweza kuganda na kuziba mishipa.

Baada ya kuondolewa Pantani hakutulia tena. Aliingia kwenye kokeini. Tarehe 14 Februari 2004 alikutwa amekufa hotelini mjini Rimini, kwa kuzidisha kokeini. Alikuwa na miaka 34.

Froome naye alihojiwa. Mwaka 2017 mkojo wake ulionekana kuwa na salbutamol, dawa ya pumu, zaidi ya kiwango. Yeye ana pumu na anatumia dawa ya kupuliza. Uchunguzi ulifungwa Julai 2018, ikaamuliwa kwamba hakuvunja sheria. (Wewe mwenye pumu, usiogope dawa yako. Itumie kama ulivyoelekezwa.)

Tazama basi: kipimo ni rafiki wa kila mtu. Kinaweza kumwonyesha aliyeongeza damu kwa njia ya mkato, na kinaweza kumwonyesha anayenyonywa damu bila kujua.

MASWALI AMBAYO VIJANA HUULIZA

Swali: Nikioga mtoni halafu nikajikausha haraka kwa taulo, nimepona?
Jibu: Usitegemee hilo. Wadudu wanapenya kwa dakika chache, pengine kabla hujatoka majini.

Swali: Nyumbani hatuna bomba. Tuoge nini?
Jibu: Maji yaliyochotwa na kukaa kwenye chombo kwa siku mbili huwa salama kwa kuogea, kwa sababu wadudu hao wanakufa. Yale ya kuoga leo unaweza kuyachemsha. Ya kunywa yachemshwe siku zote.

Swali: Ni lazima niingie kwenye jaruba la mpunga, ndiyo kazi yetu.
Jibu: Vaa viatu vya mpira kama unavyo. Epuka saa za jua kali. Pima mara kwa mara. Na usijisaidie shambani karibu na maji.

Swali: Nikitumia dawa, jirani akiendelea kukojoa mtoni, si nitapata tena?
Jibu: Ndiyo. Kwa hiyo choo cha jirani kinakuhusu na wewe.

KAZI YA KUFANYA KLABUNI

1. Choreni ramani ya maji ya mtaa au kijiji chenu. Wekeni alama mahali watu wanapofua, wanapoogelea na wanapojisaidia. Alama zinakutana wapi?

2. Chora mzunguko wa kichocho. Kisha onyesha sehemu tatu ambapo mtu anaweza kuukata.

3. Jadilianeni: kwa nini msichana mwenye dalili za kichocho anahukumiwa haraka kuliko mvulana? Klabu inaweza kufanya nini?

4. Mwombeni mwalimu wa afya amwalike mhudumu wa kituo cha afya, na mpange siku ya kupima kwa pamoja. Mtu akienda pamoja na wenzake aibu inapungua.

Mpenzi msomaji, si kila aliyechoka ana kichocho. Anaweza kuwa na malaria, upungufu wa chakula, au mawazo. Lakini kama unaingia kwenye maji ya mto au bwawa, na unajisikia hoi bila sababu, au umeona damu kwenye mkojo hata mara moja, usikae nayo kimya. Na siku nyingine ukimwona mwenzako amesimama kwenye kona ya mlima anahema, kabla hujamwita mvivu, muulize: "Umeshapima?"